Ahadi ni Deni: Maji ya Fukushima na Swali la Uyombo

Tarehe 24 Agosti 2023, kampuni ya umeme ya Tokyo, TEPCO, ilifungua bomba na kuanza kumwaga baharini maji kutoka mtambo wa nyuklia ulioharibika wa Fukushima Daiichi, mashariki mwa Japani. Awamu ya kwanza ilikuwa ya takriban tani 7,800 na ilichukua siku 17. Tangu hapo awamu zimefuatana, na mpango wenyewe ni wa miaka karibu 30. Mtoto aliyezaliwa siku bomba lilipofunguliwa huenda akawa na watoto wake kabla halijafungwa.

Huku kwetu Pwani habari ile ilipokelewa kwa namna mbili. Wapo waliosambaza video za kutisha kwenye simu, eti samaki wote duniani wameshaingiwa na sumu. Na wapo waliosema Japani ni mbali, tuna njaa na bei ya mafuta ya kushughulikia. Wote wawili wameukosa moyo wa jambo.

Mimi ni miongoni mwa wanaopinga maji yale kumwagwa. Sababu yangu kubwa haitoki maabara. Inatokana na jambo ambalo mvuvi wa Shimoni, wa Kipini au wa Kizingitini atalielewa bila kuelezwa mara mbili: watu wanaoishi kwa bahari ile waliahidiwa kwa maandishi kwamba haitaguswa bila wao kuridhia, kisha ikaguswa wakiwa bado wanakataa. Na kwa kuwa serikali yetu nayo imekuwa ikitafuta mahali pa kujenga kinu cha nyuklia, na miongoni mwa mahali palipotajwa ni Uyombo, Kilifi, kisa cha wavuvi wa Fukushima tunapaswa kukisoma kama kisa cha jamaa zetu.

Maji haya yalitoka wapi

Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko la ardhi la kipimo cha 9.0 lilipiga chini ya bahari mashariki mwa Japani, na tsunami ikafuata. Mawimbi yaliruka kuta za mtambo wa Fukushima Daiichi na kuzima umeme uliokuwa ukiendesha pampu za kupoza vinu. Vinu vitatu viliyeyuka ndani kwa ndani. Tangu siku ile, fueli iliyoyeyuka lazima imwagiwe maji ili isipate moto tena. Juu ya hayo, maji ya mvua na ya chini ya ardhi hupenya kwenye majengo yaliyopasuka na kuchanganyika na yale yaliyokwisha kugusa fueli. Maji machafu mapya huongezeka kila siku.

TEPCO ilijenga mtambo wa kuyachuja, unaojulikana kwa kifupi kama ALPS. Mtambo huo hupunguza vitu vingi vyenye mionzi, kama vile sesiamu na strontiamu, lakini hauwezi kuondoa tritiamu. Tritiamu ni aina ya haidrojeni, na haidrojeni ni sehemu ya maji yenyewe, kwa hiyo kuitenga ni kama kutaka kuitoa sukari kwenye chai kwa kijiko. Maji yaliyochujwa yakahifadhiwa katika matangi makubwa. Kufikia wakati wa uamuzi wa kuyamwaga, matangi yalikuwa zaidi ya 1,000, yakiwa na takriban tani milioni 1.3.

Aprili 2021 serikali ya Japani ikaamua: maji yachanganywe na maji ya bahari hadi tritiamu ishuke chini ya bekereli 1,500 kwa lita, kisha yatolewe baharini. Baadaye TEPCO ikapanga yapitishwe kwenye handaki la kilomita moja chini ya bahari na kutolewa huko nje. Bekereli ni kipimo cha mionzi. Huhesabu ni chembe ngapi zinazovunjika kwa sekunde moja. Kwa mwaka mzima, tritiamu inayoruhusiwa kutolewa ni bekereli trilioni 22.

Haki kwa upande wa pili

Mwenye kupinga kitu lazima kwanza auseme ukweli wa anayempinga. Shirika la Afya Duniani huruhusu hadi bekereli 10,000 za tritiamu kwa lita ya maji ya kunywa, kwa hiyo kiwango cha Japani kiko chini sana ya hapo. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, chini ya mkuu wake Rafael Grossi, lilitoa ripoti Julai 2023 likasema mpango huo unaafikiana na viwango vya kimataifa vya usalama na athari zake kwa watu na mazingira zitakuwa ndogo mno. Vipimo vilivyotangazwa tangu umwagaji uanze vimeonyesha tritiamu ya chini sana katika maji ya eneo lile.

Na kuna hili pia: vinu vya nyuklia duniani kote humwaga tritiamu, vikiwemo vya China, nchi iliyopiga marufuku samaki wote wa Japani siku ileile bomba lilipofunguliwa. Baadhi ya vinu vya China hutoa tritiamu nyingi kwa mwaka kuliko Fukushima. Juni 2025 China ililegeza marufuku yake kwa sehemu. Anayetumia bahari kama fimbo ya kumpigia jirani yake leo, kesho ataiweka chini fimbo hiyo akishapata alichokitaka. Sisi tusiingie katika ugomvi huo.

Tena nisimtie mtu hofu bure. Maji ya Fukushima hayaji Lamu. Mikondo ya Pasifiki huyachukua kwenda mashariki, upande wa Marekani. Anayekataa kula nguru wa Malindi kwa sababu ya Fukushima anajinyima kitoweo chake bila sababu.

Basi kama ni hivyo, kinachopingwa ni nini?

Ahadi ya mwaka 2015

Mwaka 2015 TEPCO ilikuwa inataka ushirikiano wa wavuvi ili isukume baharini maji ya chini ya ardhi yaliyopampwa karibu na majengo na kusafishwa. Wavuvi wakaogopa: leo haya, kesho yale ya matangini. Muungano wa vyama vya ushirika vya wavuvi wa Fukushima ukataka neno la kushika. TEPCO ikajibu kwa maandishi, na serikali ikasema vivyo hivyo, kwamba maji yale hayatatupwa kwa njia yoyote bila wahusika kuelewa na kukubali.

Wavuvi wakashika neno hilo. Kwa miaka walijenga upya soko lao polepole, wakivua kwa majaribio, wakipima samaki kabla ya kuuza, wakirudisha jina la bahari yao kidogo kidogo. Halafu uamuzi wa 2021 ukatoka. Tarehe 21 Agosti 2023, siku tatu kabla ya bomba kufunguliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo Fumio Kishida alikutana na mwenyekiti wa muungano wa kitaifa wa wavuvi, Masanobu Sakamoto. Bwana Sakamoto alimwambia kwamba msimamo wao wa kupinga haujabadilika. Kesho yake serikali ikatangaza tarehe. Mwezi uliofuata, wavuvi na wakazi wakaenda mahakamani Fukushima.

Serikali ilisema imefanya kila juhudi kuwaelimisha watu. Lakini kumweleza mtu si sawa na mtu kuridhia. Ukija kuniposa binti yangu mara kumi, nikakataa mara kumi, huwezi kuondoka naye kwa hoja kwamba umeshanieleza vya kutosha.

Na imani ilikuwa imeshapata ufa hapo kabla. Kwa miaka watu waliambiwa kwamba maji ya matangini yamebakiwa na tritiamu peke yake. Mwaka 2018 TEPCO ikalazimika kukiri kwamba sehemu kubwa ya maji yale bado ilikuwa na vitu vingine vyenye mionzi juu ya kiwango cha kisheria, na yangehitaji kuchujwa tena. Hapo ndipo neno "salama" lilipopoteza uzito wake kinywani mwa kampuni.

Rahisi kwa nani?

Mwaka 2016 jopo la wataalamu wa serikali ya Japani lililinganisha njia tano za kuyaondoa maji: kuyasukuma chini sana ardhini, kuyamwaga baharini, kuyageuza mvuke, kuyageuza haidrojeni, na kuyagandisha na kuyazika. Njia ya bahari ilikadiriwa kugharimu takriban yeni bilioni 3.4, ndogo kuliko zote. Hiyo ndiyo iliyochukuliwa.

Angalia hesabu iliyofuata. Ili kuwatuliza wavuvi na kufidia soko litakaloharibika, serikali ilitenga mifuko miwili: yeni bilioni 30 kwa ajili ya hasara ya jina baya, na yeni bilioni 50 za kuwasaidia wavuvi waendelee na kazi. Hizo ni yeni bilioni 80. China ilipofunga soko, fedha nyingine zikaongezwa. Hata wavuvi wa Hokkaido, mamia ya kilomita kaskazini, waliokuwa wakiuza kombe wao China, walijikuta na mzigo usio na mnunuzi. Mnunuzi hakuuliza bekereli ngapi. Alisikia jina, akageuka.

Njia ya mkato iligeuka kuwa safari ndefu, na nauli yake ikatolewa na wasioipanda. Gharama haikuondoka, ilihamishwa tu, kutoka daftari la kampuni hadi kwenye mashua ya mvuvi na mfuko wa mlipa kodi.

Njia nyingine zilikuwepo. Tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka kama 12.3. Maji yaliyowekwa matangini kwa miaka 50 yangebaki na tritiamu chini ya kumi ya moja ya iliyokuwepo, na hapo pangekuwa na nafasi ya kufikiri upya. Jopo la wanasayansi huru walioteuliwa na Jukwaa la Visiwa vya Pasifiki lilipendekeza yatumike kutengenezea zege kwa kazi za palepale mtamboni, pasipo na watu. Kule Savannah River, Marekani, taka za mionzi za majimaji huchanganywa na saruji na kugandishwa kwa miaka mingi sasa. Kila njia ina gharama na kasoro zake. Lakini tangi likivuja unaliona na unaliziba. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wanaosema kuchanganya kunatosha wakumbuke pia kwamba kuchanganya hakupunguzi kilichomo. Ukitia kikombe cha chumvi kwenye ndoo au kwenye kisima, chumvi ni ileile kikombe kimoja. Na Fukushima bado haijamaliza. Fueli iliyoyeyuka inakadiriwa kuwa tani 880. Novemba 2024, baada ya miaka 13, ndipo sampuli ya kwanza ilipotolewa, nayo haikufika gramu moja. Maadamu fueli iko pale, maji machafu yataendelea kupatikana.

Meli imekatazwa, bomba limeruhusiwa

Hapa ndipo pana jambo ambalo nchi za pwani kama yetu zinapaswa kulishika kwa mikono miwili.

Oktoba 1993 meli ya Urusi ilimwaga takriban tani 900 za maji yenye mionzi katika Bahari ya Japani. Japani ilikasirika, ikalalamika kwa sauti kubwa, na Urusi ikasitisha awamu ya pili. Mwezi uliofuata, nchi wanachama wa Mkataba wa London wa 1972 zilipiga marufuku kabisa utupaji wa taka zenye mionzi baharini, na Japani ilikuwa miongoni mwa walioafiki. Hapo kabla, mwishoni mwa miaka ya 1970, Japani yenyewe ilikuwa na mpango wa kuzamisha mapipa ya taka za nyuklia katika Pasifiki. Watu wa visiwa walipiga kelele hadi mpango ukawekwa kando.

Lakini marufuku ya London inahusu kutupa kutoka kwenye meli, ndege na majukwaa au miundo mingine iliyojengwa baharini. Japani inashikilia kwamba bomba linaloanzia nchi kavu halimo. Wapinzani wanasema handaki lililochimbwa kilomita moja chini ya bahari ni muundo wa baharini. Mawakili watabishana. Samaki hajui tofauti. Maji yaleyale yakibebwa na meli ni kosa la kimataifa. Yakipitia bombani ni mradi wenye cheti.

Mlango huo ukibaki wazi, hautapitiwa na Japani peke yake. Kwa miongo kadhaa mtambo wa Sellafield nchini Uingereza umekuwa ukimwaga maji yenye mionzi katika Bahari ya Ireland, hata athari zake zikafuatiliwa hadi pwani ya Norway. Mwaka 2001 Ireland iliishtaki Uingereza kuhusu kiwanda kipya mahali hapo, na Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari ikaziamuru nchi hizo mbili zishauriane na kupeana habari. Kumbe hata mahakama iliona kwamba jirani ana haki ya kuulizwa. Na Julai 2024 idara ya mazingira ya jimbo la Massachusetts, Marekani, ilimnyima mwenye kinu cha zamani cha Pilgrim kibali cha kumwaga maji yake katika ghuba ya Cape Cod. Mwenye kinu akakata rufaa, lakini neno "hapana" lilisemwa, na lilisemwa na serikali, baada ya wavuvi na wakazi kulidai.

Sisi Waislamu wa pwani hatuhitaji kwenda mbali kupata kipimo cha jambo hili. Mtume Muhammad (SAW) alipiga mfano wa watu waliopanda chombo kimoja, wakapiga kura, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini walipohitaji maji walilazimika kupita kwa wa juu. Wakaona afadhali watoboe tundu katika fungu lao ili wasiwasumbue wenzao. Mafunzo yake ni kwamba wakiachwa watoboe, wote wataangamia. Wakishikwa mikono, wote wataokoka. Wale wa chini hawakuwa na nia mbaya. Walitaka urahisi, na tundu lilikuwa katika fungu lao. Ndivyo Japani inavyosema leo: bomba letu, pwani yetu, viwango vyetu. Lakini bahari ni chombo kimoja.

Nayasema haya nikijua Japani ni rafiki. Kituo cha pili cha makasha katika Bandari ya Mombasa kilijengwa kwa mkopo wao, na kazi yao inaonekana. Rafiki wa kweli ndiye anayestahili kuambiwa ukweli.

Bahari yetu imeshatupiwa

Asiyeamini kwamba bahari ya wanyonge hugeuzwa jaa, atazame kaskazini kidogo. Tsunami ya 26 Desemba 2004 ilipopiga pwani ya Somalia, ilitupa ufuoni makasha ya taka hatari. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake yako hapa Nairobi, liliandika mwaka 2005 kwamba taka za sumu, zikiwemo zenye mionzi, zilikuwa zimetupwa katika pwani ile tangu dola ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hakuna Msomali wa kijijini aliyeulizwa. Na msimu wa kaskazi, kama kila nahodha anavyojua, mkondo wa Somalia hushuka kuja kwetu.

Nasi wenyewe tuna makovu. Owino Uhuru, Mombasa, watu walikaa miaka wakivuta moshi wa kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu, hali vibali vilitolewa na waliolipwa kuwalinda. Mahakama ya Mazingira ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Kule Lamu, mwaka 2018 mahakama iliamua wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu bandari mpya ilijengwa kwenye maeneo yao ya uvuvi bila kushirikishwa ipasavyo; hata baada ya hukumu waliendelea kwa miaka kudai malipo. Haki ya aina hii huja, lakini huja ikiwa mkongojo, na wengine humkuta mtu ameshazikwa.

Kinyume chake ni kisa cha makaa ya mawe ya Lamu. Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mtambo ule kabla haujajengwa, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Hakuna aliyehitaji fidia, kwa kuwa hakuna aliyeumia. Wa Lamu waliuliza mapema.

Swali la Uyombo

Mpango wa serikali, kupitia Shirika la Nguvu za Nyuklia na Kawi, NuPEA, ulikuwa kinu cha megawati 1,000 kinachokadiriwa kugharimu shilingi bilioni 500, ujenzi uanze 2027 na umeme utoke 2034. Uyombo ndiyo iliyopendelewa. Wakazi walikataa. Walipeleka malalamiko Seneti mwaka 2023, na Mei 2024 waliandamana wakakabiliana na polisi. Tangu 2025 kauli za viongozi zimeelekea Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Wapo wanaosema basi yameisha. Hayajaisha. Kinachohama leo kinaweza kurudi kesho, na ndugu zetu wa ziwani nao wanakula samaki.

Swali ambalo halijajibiwa kwa lugha ya mvuvi ni hili: maji yataenda wapi?

Kinu cha ukubwa ule kikipozwa kwa maji ya bahari huvuta makumi ya mita za ujazo kila sekunde na kuyarudisha yakiwa na joto zaidi. Pia humwaga tritiamu kidogo kidogo katika kazi yake ya kila siku, hata bila ajali yoyote. Uyombo iko ubavuni mwa Mkondo wa Mida, penye mikoko, mazalio ya samaki na ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia, na karibu na mbuga ya bahari ya Watamu wanakotaga kasa. Eneo lote, pamoja na msitu wa Arabuko Sokoke, linatambuliwa na UNESCO kama hifadhi ya viumbe hai. Matumbawe yetu yalipauka mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi, na wavuvi wakongwe wanakumbuka bahari ilivyokuwa kimya. Je, joto la kinu limepimwa dhidi ya kumbukumbu hiyo?

Na hata kama kila kipimo kitakuwa chini ya kiwango, kombe wa Hokkaido wametufundisha kwamba soko halisubiri maabara. Mama karanga anayekaanga samaki Mayungu, vijana wanaofuga kaa Dabaso, mabaharia wanaowapeleka watalii kuona pomboo Watamu: hao wataumizwa na jina kabla ya kuumizwa na mionzi.

Nakubali nchi inahitaji umeme, na umeme wetu ni ghali. Lakini Kenya imejaliwa mvuke wa Olkaria, upepo wa Turkana na jua lisilolipiwa ushuru. Anayetaka kuongeza nyuklia juu ya neema hizo ndiye mwenye kazi ya kutushawishi. Sisi hatuna kazi ya kujitetea.

Tunachopaswa kudai

La kwanza, Kenya iseme. Nchi yetu ni mwanachama wa Mkataba wa London na wa Mkataba wa Nairobi unaolinda Bahari ya Hindi magharibi, na kifungu cha 192 cha Sheria ya Bahari ya Umoja wa Mataifa kinazitaka nchi zote zilinde bahari. Wajumbe wetu wapiganie jambo moja: taka yenye mionzi iliyokatazwa melini ikatazwe na bombani, hasa inayotokana na ajali.

La pili, bahari yetu ipimwe sasa. Taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, iko Mombasa. Ipewe fedha ipime mionzi katika maji, samaki na mchanga kuanzia Vanga hadi Kiunga, matokeo yatangazwe. Bila kipimo cha leo, kesho hatutakuwa na cha kulinganisha, na kila madai yetu yataitwa uvumi.

La tatu, habari zije kwa lugha yetu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari, cha 42 haki ya mazingira safi, na cha 69 kinaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki. Ripoti ya kurasa mia tano kwa Kiingereza cha kitaalamu, ikisomwa kwa saa mbili chini ya hema kisha watu wapewe soda, haijatimiza hata kimoja.

La nne, kuridhia kuandikwe. Kabla ya hatua yoyote, kamati za wavuvi za kila ufuo ziwe na mkataba wenye nguvu ya kisheria unaosema maji yatakwenda wapi, nani atayapima asiyelipwa na mwenye kinu, nani atalipa soko likianguka na kwa siku ngapi, na kwamba bila saini ya wavuvi bomba halifunguliwi. Wavuvi wa Fukushima walikuwa na barua. Barua haikutosha, kwa sababu haikuwa na mahakama nyuma yake.

Wavuvi wale hawakushindwa kwa kukosa hoja. Walikuwa na hoja, walikuwa na chama, walikuwa na ahadi mkononi. Walichokosa ni uwezo wa kumlazimisha aliyeahidi atimize. Sisi bado hatujaahidiwa chochote, na hapo ndipo nafasi yetu ilipo: sharti hutiwa kabla ya nikaha. Mbunge, seneta au gavana atakayekuja kututaka kura mwaka 2027 aulizwe swali moja tu, mbele ya watu, na jibu lake liandikwe: maji yataenda wapi, na nani ana mamlaka ya kusema hapana?